Pangaboi la Mtu Mmoja

Wankyo alikuwaga mtu wa kushuku, tena bila haya. Kule Bunda, kwenye chama cha pamba, walimjua: gunia lake lazima lipimwe mara mbili, na karani akinuna, shauri yake. Sasa mtu wa namna hiyo ukamwoze kwa fundi anayejenga ndege uani! Makubwa haya.

Mumewe, Enoka, alikuwa seremala wa mgodi wa Kiabakari mpaka ulipofungwa. Padri mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia michoro, injini ya Volkswagen na kiunzi cha ndege chenye viti viwili. Enoka akakimalizia, akachonga pangaboi la kuivuta, la mti wa mninga. Siku ya kwanza aliruka peke yake. Ndege ikapaa upesi, ikazunguka juu ya uwanja wa misheni, ikatua. Vigelegele!

"Hili nimelilaza mapanga yake," alimweleza mkewe. "Linapanda haraka hata tukiwa wawili, ila mwendo halina. Ningelisimamisha zaidi, lingekimbia, lakini kupaa lingechelewa. Na ukishachonga umechonga. Huko juu hulibadilishi. Nitakupeleka uione Butiama kwa juu, Mama Gati."

Wankyo alifurahi, jamani, si kidogo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zikatiwa alama, malori yakasubiriwa. Enoka akaanza kuchonga pangaboi jingine.

"La nini, na lile ni zima?"

"La mwendo. Lifike mbali kwa mafuta yaleyale."

"Mbali wapi, Baba Gati?"

"Majaribio tu. Mbona unanihoji kama polisi?"

Wankyo akaanza kupiga hesabu. Enoka kila siku alikuwa akimsifia rafiki yake aliyepata kazi Kisumu, ng'ambo ya mpaka; mbona sasa hamtaji tena? Na uwanja wenyewe ni mfupi, mwisho wake mikaratusi. Pangaboi linalochelewa kupaa, watu wawili ndani, litaivukaje ile miti? Thubutu! Hilo lilichongwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Asubuhi ya kulijaribu pangaboi jipya, Enoka aliaga kwamba angerudi kula. Wankyo akamtazama miguuni. Majaribio gani ya kuvaa viatu vya Krismasi?

Akamfuata mpaka uwanjani, na mbele ya watu wote akapanda kiti cha nyuma, akajifunga mkanda.

"Twende Butiama," alisema.

Enoka alitazama watu, akatazama mkewe. Angemshushaje? Akawasha injini.

Ndege ilikimbia. Ikakimbia, magurudumu hayataki kuacha nyasi, mikaratusi inakuja. Wankyo alifumba macho akimtaja Mungu. Enoka akazima injini, akakanyaga breki, wakasimama karibu kabisa na miti.

Hasira ya Wankyo ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Ungekuwa peke yako, lingepaa?"

"Lingepaa."

"Na ungerudi?"

Enoka aliinama, akawa anahangaika na swichi ambayo alikwisha kuizima.