Waabudu Jua wa Baba

Juzi fundi wa mapazia alikuja kunipimia madirisha hapa Al Thumama, katika nchi hii ya Waarabu. Alipomaliza aliiachia futi yake ya chuma, ikarudi ndani ya kasha kwa mkwaruzo mrefu na mlio mkavu. Nilikunja uso kabla sijajua kwa nini. Sauti ile ni ya baba yangu, na ya Ijumaa zangu zote za utotoni.

Wenzangu mlikuwa na baba waliopenda mpira. Wangu alipenda mawe. Wiki nzima alikuwa mtunza bohari wa kuamrishwa kama wengine. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, akageuka mtaalamu. Alikuwa amesoma habari za wale mabwana wa zamani wa Ulaya waliozunguka mashambani na kamba za kupimia, wakitafuta mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale wasioacha maandishi. Mmoja akiona duara la mawe alisema ni kazi ya majitu. Mwenzake alisema ni machinjio ya makuhani. Hakuna aliyejua lolote, ila wote walijua kuandika kwa madaha. Baba aliwaonea wivu hadi akanunua kofia pana kama zao, ikamkaa kichwani kama sufuria.

Gari hatukuwa nalo. Aliyetupeleka jangwani ni Mama Zuhura, nesi aliyefanya kazi na mama, mzaliwa wa Mombasa, jirani yetu kule Al Rayyan. Mama akiwa zamu, nilikula kwake, nikalala kwake, akanisuka nywele huku akinisimulia umbea wa wodini ambao haukunihusu. Shangazi zangu wote walikuwa Kenya. Hapa nilikuwa naye yeye tu.

Ijumaa moja, kaskazini mwa mji, baba aliona alichokitafuta siku zote: mawe madogo yamepangwa ardhini kuzunguka kiwanja, na upande mmoja mstari umejitokeza nje kama kitumbo. Kitumbo kile kilielekea magharibi. Baba alivua kofia. Akatutangazia kwamba watu hawa waliliabudu jua likizama. Nilimshikia ncha ya futi kwenye kitumbo, yeye akapima, akapiga picha hapo kwanza kabla ya pengine popote, kisha akazungushia uzi.

Ilipofika alasiri Mama Zuhura alitawadha kwa maji ya chupa, akavua viatu, akavuka uzi, akasimama mbele ya kile kitumbo kuswali. Baba hakungoja amalize. Alimwambia atoke, anamharibia eneo. Hakujibiwa mpaka swala ilipokwisha.

"Baba Achieng', huu ni msikiti," alisema Mama Zuhura akivaa viatu. "Wasafiri hupanga mawe hivi wakaswali. Hapo palipotokeza ni kibla. Toa uzi wako, tafadhali."

Baba alicheka. "Wewe shika sindano zako. Historia tuachie sisi tuliosoma."

Alikuwa amesoma vitabu vitatu. Mama Zuhura aliuangalia uzi, akamwangalia yeye, akawasha gari. Nilitaka jambo moja tu duniani: baba aseme amekosea, ili Mama Zuhura abaki wangu. Nilidhani ni jambo dogo.

Nafasi alipewa. Wakenya walikuwa na mkutano wao ukumbini, na baba akaombwa azungumze. Alianza na kuta za mawe za kwetu Migori, akawasema wazungu walioandika kwamba zilijengwa na wageni, kana kwamba babu zetu hawakuwa na mikono. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, nikaona aibu yangu inapungua. Kisha akaonyesha picha za jangwani na kuanza kuhubiri jua lake. Picha zilipita ukutani: upande wa kusini, upande wa mashariki, uzi, futi, mimi nimefinya macho. Nilingoja ile ya kitumbo, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake wote. Haikuja. Mama Zuhura, aliyeketi safu ya pili, alichukua mkoba wake na kutoka polepole.

Hakunisuka tena. Alinisalimia kwenye ngazi kwa upole uleule anaowasalimia nao wagonjwa, na mama akanipa ufunguo wa nyumba.

Kwa miaka nilimdharau baba kwa ujinga wake, na kusema kweli dharau hiyo ilikuwa nyepesi, karibu ya utani. Mjinga unaweza kula naye meza moja. Nilishakuwa mtu mzima, nikiendesha gari langu mwenyewe, nilipojiuliza kwa nini mtu afiche picha yake bora. Nusu ya ukumbi ule walikuwa Waislamu. Wangekiona kile kitumbo na kukitambua mara moja.

Huenda hata wale walioandika kuhusu kuta zetu waliambiwa na wenyeji zilikuwa za nani, wakanyamaza. Sijui. La baba ninalijua. Aliambiwa, na papo hapo kule jangwani akaamini. Asingeamini, angeionyesha picha.