Chupa za Ugoro Zilizofukizwa Udi

Ndugu na majirani walisema sitaweza kununua hata soksi China zikafika Unguja zikiwa jozi. Mjomba, aliyenikopesha fungu kubwa kuliko wote, alilisema barazani mbele za watu: "Stashahada ya biashara anayo. Biashara yenyewe hajapata kuiona." Wakacheka, kisha wakanikopesha. Hakuna anayemkopesha mtu asiyemwamini, kwa hiyo zile zilikuwa sifa.

Pesa ilikuwa ya kununulia jinzi. Nilipofika China nikapanga chumba mtaa wa Sanyuanli, na kabla sijafika kwenye viwanda vya jinzi nikaona, katika duka la vitu vya kale, chupa za mawe zilizochongwa, ndogo za kufumbata mkononi, kila moja na kijiko chembamba kwenye kizibo. Wachina wa zamani walitia ugoro humo. Moja ilichongwa panzi juu ya kabichi. Mwenye jicho haelezwi. Nikamwaga mtaji wote.

Wakala wa mizigo, Mkenya wa Mombasa, alishika kichwa. "Ndugu yangu, vitu vya kale havitoki hapa bila kibali."

"Nitauza hapahapa."

"Wachina utawauzia vitu vya Wachina?"

"Ndiyo kazi ya elimu."

Tatizo, chupa zilinuka ugoro wa mababu wa watu. Mimi Mzanzibari, siwezi kumkaribisha mteja kwenye harufu ile. Nikaziosha kwa sabuni na maji moto, nikazianika dirishani, kisha nikawasha udi alionifungia mama na kuzifukiza moja moja, mdomo chini, kama tunavyofukiza nguo za harusi.

Mnunuzi wa kwanza alizibua moja, akanusa, akauliza harufu ya zamani iko wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeitoa. Akaondoka bila kuuliza bei.

"Umeosha umri wake," wakala akasema. "Sasa zimezaliwa jana. Mjomba wako utamwambia nini?"

Usingizi ulinipaa, sitaficha. Lakini sikushusha bei.

Wiki iliyofuata akaja mzee muuza majani ya chai, na mkewe. Mzee alinusa chupa ya panzi, akafumba macho, akanusa tena, akampa mkewe. Pua zao zikapokezana chupa zote. "Laoban," akaniita, yaani bosi, "hii ni chenxiang?" Akanionyesha picha kwenye simu. Udi. Kumbe wenzetu wanauenzi kutushinda. Nikataja bei ya chupa zote, iliyonitisha hata mimi. Akakubali, kwa sharti nimwongezee udi uliobaki. Nikajifanya nasita. Vilikuwa vipande viwili na vumbi.

Wakala mpaka leo anasema ni bahati. Bahati haifukizi chupa.

Niliporudi Unguja, Ijumaa baada ya sala, nikavaa suti na kupita nyumba kwa nyumba, nikamlipa kila aliyenidai. Wa mwisho alikuwa mjomba. Akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akaagiza niletewe chai barazani. Niliinywa polepole mpaka alasiri, ili anayepita aone.