Mafuta ya Wageni

Sikusoma sana, na injini siijui. Haya ya meli ni ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha injini cha meli kubwa za baharini kabla ya kutufuata katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kama kuna kosa, huenda mimi ndiye nilisikia vibaya.

Jumamosi moja jioni alitukuta tumefunga madirisha, jua lingali juu. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na moshi mweusi wa injini yake ulikuja moja kwa moja kwetu. Mke wangu ana pumu. Siku za kusaga alilala ameketi.

Shemeji alicheka kidogo, akasema hata meli ni vile vile. Zinachoma mafuta mazito kama lami, yenye kunuka kiberiti. Lakini pwani za Ulaya zimewekewa sheria: meli ikikaribia, amri inashuka kwa mafundi, wanafunga mafuta mazito na kufungua yale safi. Ikivuka mpaka kwenda zake, wanarudisha mazito.

"Na mukifika Mombasa?" nikauliza.

"Mombasa tunaingia na ile ile ya lami. Kule nani atatuuliza, shemeji?"

Mke wangu akasema kwa pumzi fupi, kwa Kiswahili cha kwetu tulikotoka, "Kumbe batu ba Mombasa beko na mapafu ya chuma."

Nilikasirika, maana nilimjua mtu mwingine wa desturi hiyo. Wageni wa magari meupe walipokuja kukagua kambi, jirani alitia dizeli safi, na moshi ukawa mwembamba. Wakiondoka, alichanganya oili chafu iliyomwagwa na magereji ya Kakoba, kule Mbarara. Nilikuwa nimeona tofauti ya moshi, nikadhani ni upepo, mpaka shemeji aliposema haya.

Nilimwendea. Ni haki niseme si mtu mbaya: wakati wa njaa aliwasagia wajane bure, na dizeli ni ghali kweli. Nikamwambia, kama mafuta safi yanawezekana kwa wageni, yanawezekana kwa mke wangu.

"Muzee," akanijibu bila hasira, "wageni wanaweza kufunga mashine. Bibi yako anaweza kufunga nini?"

Nikapeleka neno kwa mwenyekiti wa mtaa wetu. Kikao kiliamua oili chafu isichomwe saa za masomo, kwa kuwa upepo wa asubuhi unaelekea shuleni. Jioni, upepo ukigeukia kwetu, ruhusa. Watu walipiga makofi. Siwezi kusema uamuzi ulikuwa mbaya, kikohozi cha watoto kilipungua. Lakini nani alichora mpaka ule ukatuacha nje? Walimu wana sauti, mgonjwa mmoja wa pumu hana. Nadhani na bahari waliigawa hivyo hivyo, watu wameketi kwenye viti, wanakubaliana vizuri.

Mavuno yalipofika mashine ilisaga kila jioni. Mke wangu alifunga nguo zake, shemeji akampeleka kambi ya Oruchinga kwa dada yao. Baada ya wiki chache mke wangu alinipigia simu. Alisema maneno marefu bila kukatika pumzi, nami nikamsikiliza tu. Kisha akauliza nitahama lini. Shamba letu liko hapa, na nyumba niliijenga kwa mikono yangu. Nikasema sijui.

Akauliza habari za mashine: "Banasaga?"

"Banasaga," nikamjibu.