Redio ya Boti Iliyonitaja Jina

Naona aibu hata kuitika jina langu darasani, kwa hiyo haya nayaandika tu.

Baba mdogo, fundi umeme wa magari hapa Chapwa mpakani, aliletewa boti ya injini mbili juu ya trela, ikisubiri kuvuka kwenda Zambia. Alinionyesha betri: kundi moja la kuwashia injini, jingine la taa na redio. Injini zikiwaka, altaneta zake zinachaji makundi yote mawili. Zikizima, swichi inayatenganisha.

"Usiyaunganishe, mwanangu. Redio itanyonya mpaka za injini."

Nikawaza, yakiungana si redio itaimba muda mrefu zaidi? Mpaka lini? Alipokwenda kula nikageuza swichi, nikachomeka flashi niliyojirekodi nikiimba, maana kwaya sithubutu. Nikaiacha ipige kwa sauti ya chini, nije kuona kesho.

Kesho yake mwenye boti alifika kabla yangu. Injini zote mbili kimya.

"Mukwai fundi, boti imekufa?" akauliza kwa heshima ya kwao Zambia.

"Nimeibiwa betri!" Baba mdogo akawageukia vijana wa gereji. "Nani kaniwekea mbovu? Asiposema, wote mnaondoka leo!"

Nilitaka kusema. Nikajibanza kando ya trela.

Dereva wa lori akaleta waya za kubusti, akaunganisha betri ya lori lake na za boti. Injini ikaunguruma, redio nayo ikarudi. Mwenye boti akaongeza sauti.

"Naitwa Neema wa Chapwa," nikajisikia nikisema redioni, "na huu ni wimbo wangu wa kwanza."

"Neema ndiye nani?" akauliza.

Vijana wote wakageuka kunitazama.