Kila Simu Ilipokelewa

Mauza binti Sadalla alikuwa akishona mabuibui kwenye baraza ya nyumba ya urithi, karibu na Msimbazi, mumewe Salem akiwa pembeni na redio yake. Kisukari kilikuwa kimempofua Salem, lakini kila sala alikwenda msikitini peke yake na fimbo. Kushikwa mkono hakutaka. Alisema yeye si mgonjwa, haoni tu.

Mwezi wa Shaabani wezi walibeba mfuniko wa chemba ya maji machafu katikati ya njia ya msikitini, wakauze chuma chakavu. Mauza akachomeka tawi la mti shimoni ili watu wajihadhari. Salem angelionaje tawi? Ikabidi mkewe awe anampeleka, naye akawa anatembea amenuna njia nzima.

Ofisi ya serikali ya mtaa walimwambia wameshaandika barua ngazi za juu. Basi Mauza akachukua namba ya mbunge iliyokuwa kwenye bango la kampeni, akapiga. Hakutegemea ingepokelewa.

"Shikamoo mama. Unaongea na Marcelino, katibu wa mheshimiwa."

Alisikilizwa vizuri, hata Marcelino akaguna kwa huruma. Mwisho aliulizwa jina, mtaa, na kama amejiandikisha kupiga kura hapohapo.

"Sawa mama. Nimelichukua."

Siku ile Mauza alishona huku akiimba. Wiki iliyofuata alipopiga, mheshimiwa alikuwa Dodoma kwenye bajeti. Mara ya tatu akaambiwa aandike barua, ipitie kwa mtendaji. Mara ya nne, atume picha. Anfal, binti wa jirani, akapiga picha na kuituma. Tiki mbili za buluu zikatokea, basi.

Ijumaa moja Mauza akapiga tena.

"Shikamoo mama yangu," Marcelino akasema. "Bahati nzuri mheshimiwa yupo hapa. Usikate, nikamuulize."

Mauza akabaki na simu sikioni. Adhana ikaanza.

"Mauza, twende," Salem akasema.

Akamwinulia kiganja, asubiri kidogo. Miaka mitatu mumewe haoni, na bado mkono wake ulisahau. Salem hakusikia jibu. Akachukua fimbo, akashuka barazani.

Mauza alishtushwa na kelele za watu.

"Mama, bado upo hewani?" Marcelino alikuwa akiuliza. "Mheshimiwa anasema analifanyia kazi."

Walimtoa Salem shimoni, kanzu yake nyeupe ikichuruzika maji machafu, nyonga imevunjika. Hakulia. Aliomba tu asipitishwe mbele ya msikiti akiwa katika hali ile.

Wiki ya sita baada ya ajali mheshimiwa alikuja mwenyewe, na kiti cha magurudumu na wapiga picha wawili. Alilikwepa tawi kwa ustadi, akiinua gauni lisichafuke. Akamshika Salem bega, kamera zikafanya kazi yake.

"Mheshimiwa," Mauza akauliza, "na shimo?"

"Hilo ni la halmashauri, mama. Nitalifikisha."

Jioni Anfal akamwonyesha picha mtandaoni. Chini yake iliandikwa kwamba mheshimiwa ameitikia simu ya mwananchi. Watu elfu moja na zaidi walikuwa wameipenda.

Shimo lilizibwa na majirani wenyewe, kwa zege, baada ya mtoto wa mpangaji kuponea chupuchupu. Lakini Salem hakutoka tena. Siku hizi anasali kitandani, ameugeukia ukuta, na Mauza akimkaribia anatulia kama mtu anayesubiri mgeni aondoke. Hajamlaumu hata kwa neno moja. Afadhali angemlaumu.

Mwezi uliopita Shamsa wa nyumba ya pili alikuja kuomba namba ya mbunge, taa za mtaa hazifanyi kazi.

"Wanapokea kweli?" akauliza.

"Wanapokea," Mauza akajibu, macho kwenye sindano. "Watakuamkia vizuri, watakuuliza jina. Wakikwambia usikate, wewe kata, uangalie watu wako wako wapi."