Kanuni ya Kutokula

Baada ya soko huria kutufikia na wageni kununua hisa za benki yetu, ilizuka kazi ambayo hakuna aliyeiomba: kukagua kama mikopo yetu itaharibu mazingira au kukanyaga haki za watu. Wakanipa mimi, wakanipeleka Mbinga. Meneja wa tawi hakuwa bosi wangu. Taarifa zangu zilikwenda moja kwa moja kwenye kamati ya makao makuu, Dar es Salaam, ili asiwepo wa kunifumba mdomo. Mpango mzuri, ila pale tawini wenzangu waliniita kikulacho. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua.

Kanuni yetu kubwa ilikuwa kwamba mkaguzi hali chakula cha mtu anayeguswa na mkopo. Basi nilitembea na chapati zangu, nikazila peke yangu kama mwizi.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, upande wa Matiri, aliomba mkopo wa kupanua kiwanda chake cha kumenya kahawa mbivu. Maji machafu ya kiwanda yalimwagwa mtoni, na kaya za bondeni zilikunywa maji ya mto huohuo. Harufu niliisikia mwenyewe, lakini kamati haizuii mkopo kwa pua ya mkaguzi. Ilibidi wenyeji waseme.

Wamatengo wana sengu: wanaume wa ukoo, babu hadi wajukuu, hula pamoja, na mambo mazito husemwa hapo. Kwenye sengu ya kaya moja ya bondeni niliketi pembeni na chapati zangu, nikauliza habari za maji.

"Hatuna neno, mwanangu," akasema mwenye kaya. Wengine wakatazama ugali.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikanawa mikono, nikala. Maharage yalizidi chumvi, nami sijapata kula chakula kitamu kama kile, maana ilikuwa miezi sijala na mtu. Chakula hakijaisha, wakaanza kusema: watoto wanawashwa ngozi, matumbo yanasokota, na anayelalamika kahawa yake hainunuliwi.

Niliandika yote, hata kwamba nilikula. Sikuona la kuficha, na hata leo silioni. Kamati ikajibu kwamba mkaguzi aliyekula si huru, ikaitupa taarifa yangu na kumtuma mwingine. Huyo alikuja na biskuti zake. Akaandika kwamba wananchi hawana malalamiko, na mkopo ukatoka.

Nilirudi mwenyewe bondeni kuwaambia. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata shikamoo yangu ilitoka kavu. Mwenye kaya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule tulimkaribisha akakataa," akasema. "Hatukuhangaika naye. Tulijua maneno yetu wewe umeshayafikisha."