Kichwa Chekundu Siku ya Ruracio

Nimetoka Kenyatta Market na nywele nyekundu, na ni mimi nilikubali.

Kesho wakwe wanakuja kwetu kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dadangu, kwa hivyo nilienda kusukwa. Mnajua pale wasusi watatu huingilia kichwa kimoja.

Mimi nilikuwa kwa simu. Kwa grupu ya familia tulikuwa tunabishana kuhusu vitambaa vya meza. Niliandika aya nzima juu ya rangi.

Rangi, jamani.

Simu ikaisha chaji. Nikainua macho kwa kioo.

"Hii ni nini?"

"Si ni ile ulichagua," Mama Shiku akanijibu, vidole bado vinasuka. "Nilikuonyesha, ukasema eeh."

"Nilisema eeh?"

"Nikakuuliza tena, juu ulisema kesho kuna wazee. Ukasema eeh, sawa."

Wale wenzake wawili wakaangaliana kwa kioo. Nadhani walinihurumia.

Akasema wanaweza kufumua. Nikakataa. Nikawaambia wamalize, na mara hii nikakaa pale kama mtu aliye pale. Kumbe Mama Shiku mwenyewe anamwoza binti yake mwezi wa Disemba. Tulicheka mpaka mwisho.

Mama yangu ameniona. Ameniuliza kama bado naimba kwaya kanisani.

Sifumui. Na kesho simu inabaki chumbani, atakayeniuliza kitu nitamjibu nikimwangalia. Msinitafute kwa grupu.

Nitafuteni kwa hema ya wageni. Mtanijua kwa kichwa.